Kabla Hujabandika Bango: Mwongozo Kamili wa Hataza kwa Mtafiti wa Chuo Kikuu

Mwaka 1998 watafiti kadhaa wa Marekani walibandika bango lenye slaidi 14 kwenye mkutano wa wanakemia wa nafaka. Bango likakaa ukutani siku mbili na nusu. Hawakugawa nakala hata moja wala hawakuweka chochote maktaba. Miaka miwili baadaye wakaomba hataza (patenti), yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi, kwa kazi ileile, ombi likakataliwa, wakakata rufaa. Mwaka 2004 mahakama ikawaambia kwamba bango lile lilikuwa chapisho tosha: wataalamu walipita, wakalisoma, na hakuna aliyekatazwa kunakili. Uvumbuzi wao haukuwa mpya tena, na waliouchakaza ni wao wenyewe.

Ninaanza na bango kwa sababu mtafiti wa chuo huwa anamwogopa mwizi wa wazo, kumbe anayemmaliza ni ratiba yake mwenyewe: mkutano Juni, utetezi wa tasnifu Septemba, makala Desemba, halafu Januari ndipo anauliza habari za hataza. Mwongozo huu unapanga mambo hayohayo kwa utaratibu mwingine. Ni maelezo ya jumla, kwa hiyo kabla ya kutia saini popote, kaa na wakala wa hataza anayejua sheria ya nchi husika.

Hatua ya 1: Jua kama ulichonacho ni uvumbuzi

Kwa Kiswahili cha kila siku tunauliza "redio aligundua nani?" na kila mtu anaelewa. Sheria ya hataza haina uvumilivu huo. Kugundua ni kukuta kitu kilichokuwepo: bakteria, kanuni ya fizikia, uhusiano kati ya namba mbili. Kuvumbua ni kutengeneza njia au kifaa kinachotatua tatizo. Bakteria uliyemkuta kwenye udongo ni ugunduzi. Namna ya kumtumia kusafisha mafuta yaliyomwagika, kwa hatua zinazoweza kurudiwa na mtu mwingine, inaweza kuwa uvumbuzi.

Mkaguzi wa ofisi ya hataza ataangalia mambo matatu. Je, ni kipya, yaani hakijawahi kuwekwa hadharani popote duniani? Je, fundi wa kawaida wa fani hiyo asingekifikia kirahisi kwa kuunganisha yanayojulikana? Na je, kinaweza kutengenezwa au kutumika kwenye uzalishaji? Ukivuka hapo unapewa haki ya kuwazuia wengine kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi, mradi ulipe ada za kuitunza. Ni haki ya kuzuia tu. Haikupi ruhusa ya kutengeneza, maana kifaa chako kinaweza kuwa kimekanyaga hataza ya mtu mwingine.

Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano wa kubuni ambao tutatembea nao hadi mwisho. Mwanafunzi wa uzamivu katika uhandisi anashughulika na vichujio vya maji vya utando. Utando huziba kwa uchafu, na njia ya kuusafisha ni kugeuza mkondo, maji yasukumwe kutoka upande wa pili. Mifumo mingi hugeuza mkondo pale tofauti ya presha kati ya pande mbili inapofika kiwango fulani. Yeye akaona kwamba asubuhi ya baridi mashine inajisafisha mara nyingi bila sababu. Kwa nini? Maji ya baridi ni mazito: mnato wake kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni kama mara moja na nusu ya ule wa nyuzi 40. Presha ilipanda kwa sababu ya baridi, wala si uchafu. Basi akaandika programu inayoangalia kasi ya kupanda kwa presha, ikatoa sehemu inayotokana na joto, ndipo ikaamua.

Hatua ya 2: Funga mdomo, ila kwa muda

Orodha ya vinavyohesabika kuwa ni kusema hadharani ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Makala ya jarida imo, ndiyo, lakini pia ikisiri ya mkutano inayowekwa mtandaoni wiki tatu kabla ya mkutano wenyewe. Rasimu unayoipandisha kwenye hifadhi ya wazi kabla ya kupitiwa. Msimbo wa programu uliouacha wazi kwa kila mtu. Semina ambayo mlango haukufungwa. Video ya maonyesho ya wanafunzi. Na tasnifu: mwaka 1986 mahakama ya Marekani iliamua kwamba tasnifu moja ya udaktari, iliyoingizwa kwenye katalogi ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilitosha kuangusha ombi la hataza lililopelekwa Marekani. Haikuhitajika kuthibitishwa kwamba kuna aliyeisoma. Ilitosha kwamba mtu angeweza kuipata.

Zipo nchi zinazosamehe. Marekani, Japani, Kanada na Korea Kusini humpa mvumbuzi miezi 12 tangu alipofichua mwenyewe. Ulaya haisamehi karibu kabisa. Inakubali miezi sita tu, tena kwa mambo kama kufichuliwa na mtu aliyekusaliti au kuonyesha kwenye maonyesho machache yanayotambuliwa rasmi. Kwa hiyo msamaha wa Marekani usikulevye. Stanley Cohen na Herbert Boyer walichapisha mbinu yao ya kuunganisha vinasaba Novemba 1973, na ombi likawasilishwa Novemba 1974, siku chache kabla ya mwaka kutimia. Marekani wakapata, na vyuo vyao vikaingiza takriban dola milioni 255 hadi hataza hizo zilipokwisha mwaka 1997. Nje ya Marekani hawakupata kitu, mlango ulikuwa umeshafungwa.

Usielewe kwamba usichapishe. Mtafiti asiyechapisha hana kazi. Kinachotakiwa ni kuwasilisha ombi Jumatatu na kutuma makala Jumanne. Hilo linawezekana kabisa, na huwa linachelewesha makala wiki chache tu kama umeanza mapema. Ukilazimika kuongea na kampuni au mtafiti wa nje kabla ya hapo, tieni saini mkataba wa usiri kwanza. Wajumbe wa jopo la utetezi nao watie saini, na maktaba iombwe kuzuia tasnifu kwa muda. Vyuo vingi vina fomu ya jambo hilo ingawa ni wachache wanaoijua.

Ukibanwa na mkutano, eleza matokeo bila kueleza namna. "Tumepunguza idadi ya usafishaji" ni salama zaidi kuliko mchoro wa kidhibiti.

Hatua ya 3: Andika, halafu toa taarifa

Daftari la maabara lenye tarehe, kurasa zenye namba na saini ya shahidi bado lina kazi. Zamani Marekani lilitumika kuthibitisha nani alivumbua kwanza. Tangu tarehe 16 Machi 2013 nchi hiyo nayo inaangalia nani aliwasilisha kwanza, kama nchi nyingine duniani. Leo daftari linasaidia zaidi kujibu swali la nani alifanya nini, na swali hilo, utaona hapa chini, limevunja urafiki mwingi.

Kisha jaza fomu ya taarifa ya uvumbuzi kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia haki za ubunifu. Watakuuliza tatizo ni lipi, wengine wanalitatuaje, wewe umefanya nini tofauti, una data gani, fedha za utafiti zilitoka wapi, na tarehe zote ulizokwishasema au unazotarajia kusema hadharani. Hilo la mwisho usilifiche. Ukiwaambia kwamba bango linabandikwa baada ya siku tisa, ofisi makini inaweza kukimbia nalo. Ukiwaambia lilibandikwa mwezi uliopita, watakachofanya ni kukupa pole.

Hatua ya 4: Mali ni ya nani?

Jibu fupi: mara nyingi ni ya chuo, hasa kwa waajiriwa. Kwa wanafunzi inategemea kanuni uliyoisaini siku ya usajili, ile karatasi iliyosainiwa na kila mtu bila kuisoma. Nchi zinatofautiana. Sweden bado inamwachia mwalimu wa chuo kikuu uvumbuzi wake. Ujerumani iliondoa utaratibu huo mwaka 2002. Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 iliruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu, na nchi nyingi ziliiga mtindo huo.

Ila sheria hiyo haihamishi mali yenyewe kwa yenyewe. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuwa amesaini chuoni kwamba anakubali kukihamishia chuo haki zake, maneno ya wakati ujao. Baadaye akaenda kujifunza mbinu kwenye maabara ya kampuni ya Cetus, na mlangoni akasaini karatasi ya wageni iliyosema anahamisha haki zake sasa hivi. Kampuni ya Roche ikanunua kazi ile ya Cetus. Kesi ilifika Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani mwaka 2011 na Stanford ikashindwa kuizuia Roche kutumia uvumbuzi ule. Tofauti ya "nitahamisha" na "ninahamisha" ilitosha.

Kwa hiyo kila karatasi unayopewa kwenye maabara ya kigeni, hata ya kupewa sampuli au kupokea vifaa, ipitishe kwenye ofisi yenu kabla ya kusaini. Na mfadhili wa kiwanda akitoa fedha, soma kifungu cha umiliki kabla fedha haijaingia. Baada ya hapo huna nguvu ya kubishana.

Hatua ya 5: Wavumbuzi ni akina nani?

Hapa ndipo vyuo vinapoumia, maana tumezoea desturi ya makala: mkuu wa maabara jina la mwisho, aliyekopesha mashine jina la katikati, rafiki wa idara jirani naye humohumo. Kwenye hataza, mvumbuzi ni yule aliyechangia wazo lenyewe kwenye angalau dai moja, yaani moja ya sentensi za ombi zinazoweka mipaka ya kinacholindwa. Aliyeleta fedha si mvumbuzi. Aliyeendesha jaribio kwa maelekezo si mvumbuzi. Kwa upande mwingine, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyesema "mbona hatuangalii joto la maji?" anaweza kuwa mvumbuzi kamili, hata kama baada ya hapo hakugusa kitu.

Makosa yana gharama pande zote mbili. Albert Schatz alikuwa mwanafunzi wa Selman Waksman alipotenga dawa ya streptomaisini. Mwaka 1950 alimshtaki mwalimu wake na chuo juu ya fedha za mrabaha. Waliafikiana nje ya hukumu, Schatz akatambuliwa kisheria kuwa mgunduzi mwenza na kupewa asilimia 3. Kwenye CRISPR, mbinu ya kuhariri vinasaba, Taasisi ya Broad ya Marekani ilipoteza hataza muhimu Ulaya kwa sababu ombi la kwanza la Marekani lilitaja mtafiti wa chuo kingine ambaye hakuwemo kwenye ombi la baadaye, wala haki zake hazikuwa zimehamishwa. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikakataa kuitambua tarehe ya kwanza, na bila tarehe hiyo machapisho ya katikati yakaua upya wa uvumbuzi. Hataza ilifutwa 2018, rufaa ikagonga mwamba 2020. Sayansi haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni saini moja.

Kaeni chini mapema, chukueni kila dai, muulizane: wazo hili lilitoka kwa nani? Andikeni, wote wasaini.

Hatua ya 6: Tafuta yaliyotangulia

Utafutaji kwenye majarida hautoshi, maana sehemu kubwa ya ufundi wa viwandani haijawahi kuandikwa kwingine zaidi ya kwenye hataza. Zana ni za bure: Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, PATENTSCOPE ya Shirika la Dunia la Haki Miliki (WIPO), na Google Patents. Anza na maneno, lakini usiishie hapo, kwa sababu mawakili hupenda kuita pampu "njia ya kusogeza kimiminika". Chukua hataza mbili tatu zinazofanana na kazi yako, angalia alama za uainishaji zilizopewa, kisha tafuta kwa alama hizo. Kwa mfano wetu, B01D 65/02 ndiyo ya kusafisha utando, na C02F ni ya kutibu maji. Fuata pia zilizotajwa na mkaguzi, kurudi nyuma na kwenda mbele.

Mwanafunzi wetu akifanya hivyo atapata mshtuko mdogo: kugeuza mkondo kwa tofauti ya presha ni jambo la zamani sana. Asikate tamaa, ajiulize kilichobaki ni nini. Kilichobaki ni kupima kasi badala ya kiwango, pamoja na kurekebisha kwa joto. Hapo ndipo uvumbuzi ulipo, na hapo tu.

Na ukikuta hataza hai ya mtu kwenye kifaa unachokitumia maabara, usijitetee kwamba wewe ni mwanachuo. Nchi nyingi zina nafuu kwa ajili ya utafiti, lakini upana wake unatofautiana. Mwaka 2002 Chuo Kikuu cha Duke kiliambiwa na mahakama kwamba kutokutafuta faida peke yake hakukukingi.

Hatua ya 7: Madai

Ombi lina maelezo, michoro na madai. Maelezo ni ya kufundisha, madai ni ya kuweka mipaka ya shamba. Kuyaandika ni kazi ya wakala, ila wewe ndiye unayejua mipaka ilipo, kwa hiyo soma kila neno. Tazama matoleo matatu ya dai letu.

La kwanza: "Mfumo wa kuchuja maji wenye utando, sensa ya presha kila upande, na kidhibiti kinachogeuza mkondo presha inapozidi kiwango." Limekufa kabla ya kuzaliwa, ni lile la zamani.

La pili: "Mfumo wenye utando wa seramiki wenye vitundu vya mikroni 0.1, pampu ya wati 60, sensa ya joto iliyofungwa kwenye bomba la kuingilia..." Hili litapita, halafu mshindani atatumia utando wa plastiki na kukupungia mkono.

La tatu: "Mfumo wa kuchuja kimiminika, wenye utando, sensa zinazopima tofauti ya presha kati ya pande mbili za utando, sensa ya joto la kimiminika, na kidhibiti kinachokokotoa kasi ya kupanda kwa tofauti hiyo, kuirekebisha kulingana na joto, na kugeuza mkondo pale kasi iliyorekebishwa inapovuka kiwango kilichowekwa." Angalia "kimiminika" badala ya "maji": maziwa na juisi vimeingia. Zile seramiki na mikroni hazitupwi, zinawekwa kwenye madai ya chini yake, ili dai kubwa likianguka kuwe na pa kushikilia.

Hatua ya 8: Kalenda

Siku ya kwanza unawasilisha ombi kwenye ofisi ya nchi moja. Siku hiyo inaitwa tarehe ya kipaumbele, na kwa Mkataba wa Paris wa 1883 una miezi 12 ya kwenda kwingine bila kuipoteza. Ndani ya miezi hiyo 12 wengi hupeleka ombi la kimataifa kupitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza (PCT), wenye wanachama zaidi ya 150. PCT haitoi hataza ya dunia. Kitu hicho hakipo. Inakununulia muda na ripoti ya utafutaji. Mwezi wa 18 ombi linachapishwa, kila mtu analiona. Mwezi wa 30, au 31 kwa Ulaya na baadhi ya nchi, unatakiwa kuingia nchi mojamoja, kila moja na ada yake, wakala wake na tafsiri yake. Hapo ndipo gharama inaporuka, na hapo ndipo vyuo vingi huacha.

Onyo kuhusu ombi la muda la Marekani, lile la bei nafuu lisilokaguliwa. Watu hutupia humo rasimu ya makala usiku wa kuamkia mkutano. Ni bora kuliko kutowasilisha, lakini linalinda kile tu kilichoelezwa ndani yake. Kama hukuandika jinsi ya kurekebisha joto, huwezi kuliongeza baadaye ukabaki na tarehe ileile.

Hatua ya 9: Mkaguzi akikataa

Atakataa. Barua ya kwanza karibu siku zote ni ya kukataa, na haina maana mbaya. Atataja hataza mbili za zamani na kusema fundi angeziunganisha. Unajibu kwa hoja au kwa kupunguza madai, ndani ya muda uliopangwa. Mtafiti ana kazi moja hapa ambayo wakala hawezi: kueleza kwa data kwa nini muungano ule usingefanya kazi.

Hatua ya 10: Leseni, kampuni, au kuacha

Hataza kabatini haiingizi kitu, na nyingi za vyuoni haziwahi kurudisha hata gharama zake. Kwa hiyo anza kumtafuta mteja ndani ya miezi 12 ya kwanza, kabla ya gharama kubwa. Kampuni iliyopo inaweza kuchukua leseni na kulipa mrabaha, au nyinyi mfungue kampuni na chuo kichukue hisa. Stanford ilipokea hisa milioni 1.8 za Google kwa leseni ya hataza ya PageRank, mbinu ya kupanga matokeo ya utafutaji, ikaziuza kwa dola milioni 336. Mifano kama hiyo ni ya kuhesabu vidoleni, usiipangie bajeti.

Kwenye leseni, gombania kifungu kinachomtaka mwenye leseni afanye kazi: tarehe za kutoa sampuli, za kuuza, na haki yenu ya kuirudisha akikaa nayo tu. Kampuni nyingine huchukua leseni ya pekee ili mshindani asiipate, kisha zinalala. Hifadhini pia haki ya kuendelea kutumia uvumbuzi kwa utafiti na kufundishia.

Chuo kikiamua kuacha kulipa, omba kwa maandishi kurudishiwa haki zako. Kanuni nyingi zinaruhusu. Ada ya kutunza hataza ikipita tarehe, Mkataba wa Paris unazitaka nchi wanachama kutoa angalau miezi sita ya kulipa, kwa kawaida pamoja na faini. Barua yako iwe imeshafika mezani kwao kabla miezi hiyo haijaanza kuhesabika, maana kamati ya chuo nayo hukutana kwa ratiba yake.